Mwalimu Asiye na Uso

"Eti simu inafundisha Kurani." Maalim Sabiti aliyasema hayo mara ya tatu huku akifunga vifungo vya kanzu, na mara zote tatu alicheka peke yake.

Mkewe Zuleha alimpa kofia. Hakucheka. Kwa maoni ya Maalim, mwanamke huyu hakuwa na la kuchekea kwa sababu hakuwa na analolijua. Alimwoa miaka ishirini na miwili iliyopita huko Ushirombo, akiitwa Serafina, binti wa kwaya ya kigango. Akamsilimisha, akamfundisha Alhamdu na sura tatu fupi za kuswalia, akaishia hapo. Kila alipouliza zaidi aliambiwa kichwa chake kigumu, akaangalie chungu kisiungue.

"Huyo mtoto umsikilize mpaka mwisho, Baba Abdul," alisema Zuleha.

"Wewe hangaika na dada yako Klara."

Kwa miaka sasa, kila siku baada ya alasiri, Zuleha alijifungia stoo na simu, mwanzoni akisikiliza tu, siku hizi akiongea, eti na Klara, saa nzima na zaidi. Maalim hakuwahi kuuliza wanaongea nini. Umbea wa Ushirombo haukumhusu.

Lililomhusu ni madrasa yake. Nusu ya wazazi wa mtaa wao hapo Kahama walikuwa wamewatoa watoto na kuwaweka kwa ustadha mmoja wa kwenye simu, mwanamke anayesikika tu, haonekani. Wengine walikuwa njiani kuwatoa. Maalim akaenda kwa imamu akajitapa: nipe mmoja wa hao watoto wa bando nimtahini. Nikimkuta na kosa moja, tangaza msikitini wote warudi kwangu. Nisipomkuta nalo, nafunga madrasa mwenyewe. Imamu akakubali, na asubuhi hiyo ya Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Walikutana nyumbani kwa Doto, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Maalim alimdharau Doto kwa makochi yake ya kung'aa, na kwa kuwa alijua aina zote za mchele lakini hakujua kusoma msahafu. Alikataa kochi, akaomba kiti kigumu, akaweka fimbo mapajani japo hakuna aliyemtuma kuja nayo.

Shadya, binti wa Doto, miaka tisa, alikaa mkekani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Huyo mwalimu wako umewahi kumwona?"

"Hapana. Namsikia tu."

"Anatoka wapi? Unguja? Omani?"

"Hajasema."

Maalim akamgeukia imamu. "Mwalimu asiye na uso. Hata mganga wa kienyeji ana uso, imamu."

Doto akasema taratibu, "Maalim, mimi sina ubishi. Mtoto alikaa kwako miaka mitatu akarudi na alama za fimbo. Huko amekaa mwaka mmoja. Msikilize tu."

"Soma Rahmani," Maalim aliamuru.

Aliichagua kwa hila. Katika sura hiyo aya moja inarudi mara thelathini na moja, na wasomaji wengi hupotelea humo. Yeye mwenyewe alikuwa na uhakika nayo kama jina lake. Kila alfajiri aliisoma uani kwa sauti, ili nyumba ipate baraka, huku Zuleha akipuliza mkaa. Ilikuwa nyumba ya watu wawili tu siku hizi. Abdul, mtoto wao pekee, alishahamia Nkome kununua dagaa.

Shadya akafumba macho akaanza. Sauti ilikuwa ndogo lakini imenyooka, pumzi anaikata pale inapotakiwa, herufi zinatoka mahali pake. Maalim alikasirika. Aliona aibu kwamba anasikia raha, na hiyo ikamzidishia hasira.

Wakafika karibu na mwisho, zinapotajwa bustani mbili nyingine. Shadya akairudisha ile aya. Maalim akapiga fimbo sakafuni.

"Simama. Umeongeza. Hapo hairudi." Uso wake ulijaa furaha. "Umesikia mwenyewe, imamu. Mtoto ameongeza katika Kitabu cha Mungu. Ndiyo elimu ya bando hiyo. Huyo ustadha wake huko aliko hajawahi kukaa mbele ya mwalimu hata siku moja."

Imamu akafungua msahafu. Akafuata mstari kwa kidole, akarudi nyuma, akaufuata tena. Kisha akamgeukia Maalim.

"Inarudi, Maalim. Mtoto yuko sawa."

Maalim akaunyakua msahafu. Aya ilikuwepo pale, wino mweusi, haina wasiwasi.

"Nimepitiwa," alisema. "Ni leo tu. Binadamu hupitiwa."

Shadya alikuwa bado ameinamisha uso kwa adabu.

"Mwalimu alisema utanisimamisha hapohapo, nisiogope, nimsubiri imamu afungue msahafu," alisema. "Alisema si leo tu. Anakusikia ukiiruka kila alfajiri, yeye akipuliza mkaa."