Abiria wa Kwanza wa Simioni

Bolti ya gurudumu la behewa la mbele haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande cha nondo kilichofungwa kwa waya. Mwalimu Modesta alikigusa, kikacheza kama jino bovu. Akafuta vidole kwenye leso yake kwa kinyaa.

"Hiki ndicho unachotaka wanafunzi wangu wapande?"

Simioni, mwenye treni, alikuwa anafuta matapishi ya abiria wa asubuhi kitini kwa kitambaa. Kitambaa hicho hicho akajifutia jasho la uso. Treni yake ya burudani ilikuwa uwanjani Tarime tangu Jumatatu. Ilikuwa ikipanda reli mpaka juu ya mapaa ya maduka, kisha ikiporomoka kwa kasi ya kutisha.

"Bolti yenyewe inatoka Nairobi, mwalimu. Nikiinunua, kiingilio kinapanda, watoto hawa wataishia kutazama."

"Basi punguza kasi."

"Nani atalipa apande kitu kinachotambaa?"

Alisema huku anacheka. Modesta alimchukia papo hapo. Wanafunzi wake thelathini na wawili walikuwa wameahidiwa treni hii tangu kabla ya mitihani, na alijua watalia. Walie tu. Akawaamuru wageuke.

"Subiri kwanza," Simioni akasema. "Mimi mzaliwa wa hapa hapa. Ngoja uone ninavyoiamini."

Akaenda getini, akarudi amemshika mkono mama mmoja mzee aliyejifunga kitenge. "Mama yangu mzazi huyu. Nani anaweza kumchezea mama yake?"

Mama akasema jambo kwa Kikurya, ambacho Modesta hakukielewa, akitikisa kichwa. Simioni akaitikia, "Ndiyo mama, ndiyo," akamketisha behewa la mbele. Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Kimya!" Modesta alikuwa amehamia kutoka Njombe mwezi wa saba, na utovu wa adabu hakuuvumilia. "Mzazi wa mtu hachekwi."

"Lakini mwalimu, huyu mama..." mwanafunzi wake Nchagwa alianza.

"Nimesema kimya!"

Treni ikapanda, ikaporomoka, ikasimama. Mama akateremka salama, akaenda kuketi kwenye nyasi. Modesta akaona aibu. Kinyaa chote kikamgeukia yeye mwenyewe, kwamba amemdhania mtu kuwa muuaji kwa sababu ya uchafu wa mikono yake. Akawaruhusu wanafunzi. Mabehewa yakajaa, Nchagwa akiwa mbele kabisa.

Treni ilipoanza kupanda, akamsogelea yule mama aliyeketi kwenye nyasi.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe, nilimwona mwanao mtu mbaya."

"Marahaba. Mwanangu gani?"

"Simioni."

Mama akatema mate pembeni. "Mimi nauza dagaa pale getini. Huyo nimemjua leo. Alisema nikikaa mle mara moja tu, atanunua sinia lote."

Huko juu, treni ilikuwa imeanza kushuka.