Ukanda wa Bluu

Kola ya shati aliificha ndani ya kiatu cha mvua, na kiatu akakisukumia uvunguni mwa kitanda. Sehemu nyingine za shati hilo zilikuwa mezani, zimeshakatwa vipande virefu, na hakuna fundi ambaye angeweza kuzirudisha zilivyokuwa.

Hakuwa mwizi. Alikuwa mkwe mwenye nia njema na mkasi mkali, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na mume wake, ambaye hata zamani hakuwa msemaji, alizidi kunyamaza. Basi mwanamke huyu, ambaye maishani mwake hakuwahi kushona zaidi ya kifungo, akaamua kumtengenezea mumewe blanketi la viraka kwa mashati ya marehemu. Tena si lile la kizamani la viraka vilivyobanana bila kupumua. Alitaka la kisasa: uwanja mweupe mkubwa, na kanda chache za rangi zimekaa upande mmoja, mojawapo ya bluu, ndefu kutoka juu hadi chini.

Mama mkwe, aliyeishi nao, alikubali bila kusita. Akatoa mashati tisa yaliyopigwa pasi.

"La kwenye mfuko wa karatasi liache, mwanangu," alisema. "Hilo usiliguse."

Mkwe hakuuliza. Aliwahi kumkuta bibi huyo ameketi kitandani, mfuko ule mapajani, macho yamemjaa machozi. Alijua mjane anamkumbuka mumewe, akarudi kinyumenyume.

Kwa wiki mbili alichora kwenye daftari la hesabu, mraba mmoja kwa inchi moja. Alipaka rangi, akafuta, akahamisha kanda, akasimama mbali na kukunja uso kama mkaguzi wa majengo. Mchoro ulipompendeza alikata vitambaa sawasawa na mchoro, inchi kwa inchi, kisha akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Kosa alilijua baada ya kuunganisha vipande vinne vya kwanza. Alikuwa amesahau kuacha nafasi ya mshono. Kila kipande kililiwa robo inchi huku na robo inchi kule, na blanketi la mtu mzima likaanza kusinyaa kuelekea la mtoto mchanga. Akakata upya, kwa ukubwa unaostahili, na rangi nyingine zikatosha. Bluu haikutosha. Shati la bluu kati ya yale tisa lilikuwa moja tu, na sasa ukanda uliishia katikati ya safari.

Angeweza kubadilisha mchoro, lakini roho yake ilishaganda kwenye ule ukanda. Angeweza kuungaunga vipande vya mikono, ila mikono yenyewe ilikuwa mifupi mno. Marehemu alikuwa mfupi mnene, mashati yake mapana kama mapazia. Siku walipopanga nguo zake, mume wake alijaribu moja, mikono ikaishia karibu na kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka.

Mama mkwe alipokwenda zahanati kupimwa presha, mkwe akafungua mfuko wa karatasi.

Lilikuwa shati la bluu, bluu ileile aliyoitaka. Lilikuwa jembamba kiunoni, akajiambia ni la enzi za ujana. Akaupima mkono kwa futi ya fundi, moyo ukamwenda mbio: mrefu, mrefu wa kutosha kumaliza ukanda kwa viungo viwili tu. Akaushika mkasi kabla akili haijamrudia.

Akili ilimrudia mara moja alipomaliza. Siku tatu zilizofuata hakugusa sindano. Bibi alimsifia kwa majirani, kwamba amepata mkwe wa kuheshimu mzee, na kila alipomwita mwanangu, mkwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona haya hata kumwangalia mumewe. Alikuwa amemkata baba wa watu vipande kwa ajili ya urembo.

Siku ya nne, mchana, alishindwa. Aliingia chumbani kwa mama mkwe, akatandaza vipande vyote kitandani pamoja na kola, akapiga magoti na kusema yote kwa pumzi moja.

"Nimekukosea, Mama. Ulinikataza, nami nilisikia. Nimeharibu kumbukumbu yako ya Baba."

Bibi hakulia wala hakufoka. Alipitisha kidole juu ya kitambaa, taratibu, kutoka ncha hadi ncha.

"Mumeo ameliona likiwa zima?"

"Hapana, Mama."

"Hata kulijaribu mwilini?"

"Hapana."

Bibi akashusha pumzi ndefu. Akamwinua mkwe wake kutoka sakafuni na kumketisha kando yake.

"Ushone ukanda wako leo, kabla hajarudi kutoka kazini," alisema. "Na wewe ndiye unisamehe. Miaka thelathini na minane nalishikia mkasi, nashindwa."

Mkwe hakuelewa. Alisema mjane ana haki ya kutunza shati la mume wake, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

"Marehemu mume wangu hakuwahi hata kuliona," mama mkwe akasema, akiuangalia mlango. "Hili lilikuwa la baba mzazi wa mumeo."