Vijumba vya Panya Buku

Palikuwa na Panya Buku aliyependa kujenga vijumba vya udongo. Vilijaa shimoni hata mkewe akawa analala mlangoni, mkia nje.

"Mume wangu, nimechoka," mkewe akasema. "Leo ama vitoke hivi, ama nitoke mimi."

Buku akaenda kwa huzuni kutafuta jani la mgomba la kuvibebea akavitupe. Aliporudi, alimkuta mkewe amelala kifudifudi, anabomoa ukuta wa kijumba kimoja.

"Unafanya nini?"

"Nani hujenga nyumba isiyo na jiko? Nishikie hapa."

Jua likazama, njaa ikambana Buku. "Mke wangu, hatuli?"

"Subiri," akajibu bila kuinua kichwa. "Napaua."

Tangu siku hiyo Buku hujipikia mwenyewe.