Folda Inayotumika

"Bado inakataa?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, baba."

Alikuwa ameniagiza nifute folda ya picha na sauti za marehemu kaka kwenye kompyuta ya sebuleni. Alisema labda mama atatulia, maana tangu mazishi hali wala halali.

Nilidhani ni shida ya ruhusa ya kufuta mafaili. Nikajipa ruhusa zote, nikabofya tena. Jibu likawa lile lile: folda inatumika kwenye kompyuta nyingine.

Nyingine ipi? Nikatazama nani ameunganishwa na folda hiyo kupitia mtandao wa nyumbani. Likatokea jina la kaka.

Laptopu yake tulikuwa tumeifungia kabatini. Nikaenda chumbani kwake, nikasukuma mlango polepole.

Mama alikuwa amekaa kitandani, laptopu mapajani, vipokea sauti masikioni. Kidole chake kilipapasa kioo, pale penye shavu la mwanawe. Hakuniona. Alikuwa anacheka kwa sauti ya chini.

Nikarudi sebuleni.

"Vipi?" baba akauliza, akisogea kuangalia.

"Imeshindikana, baba," nikasema, nikaegemea mbele ya kioo asilione lile jina.