Klachi ya Mzee Shayif

Mukbil alikanyaga klachi, pedali ikazama mpaka sakafuni ikabaki huko huko. Akaivuta juu kwa ncha ya kiatu, akajaribu gia ya kwanza. Gia ikasaga, ikakataa kuingia.

"Imeanza lini, ami?"

"Hapo kona ya chini. Nimeupanda mlima wa Sumara kwa gia moja, ikanifia mlangoni pako," alisema mzee. "Fanya haraka, mwanangu. Saa nne natakiwa niwe mjini, kwenye ua wa jela."

Mukbil hakuinua kichwa. Mzee hakumjua, lakini yeye alishamtambua tangu pikapu ile kuukuu ilipokuja ikistuka-stuka. Huyu ndiye Shayif, mwenye damu. Miaka minne nyuma, Hizam, mdogo wake Mukbil, aligombana na mtoto wa Shayif juu ya zamu ya maji ya shamba, wakachomoleana majambia, na mtoto wa Shayif hakuinuka tena. Leo saa nne Hizam angepigwa risasi.

Mara tatu wazee wa ukoo walikwenda kuchinja fahali mlangoni kwa Shayif kuomba msamaha, na mara tatu mlango haukufunguliwa. Hata hivyo mama yao alikuwa darini tangu alfajiri, macho barabarani, maana huko milimani anayesamehe damu hurudi kwake na kitambaa cheupe kikipepea garini, watu wote wamwone. Mukbil alishindwa kukaa naye. Alikuja gereji ili mikono ipate la kufanya.

Sasa mikono hiyo ilikuwa imeletewa Shayif mwenyewe.

Alifungua boneti. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa kikavu. Akajilaza chini ya gari akaiona pampu ndogo ubavuni mwa gia boksi imelowa, mpira wake umechoka. Ugonjwa mwepesi kabisa. Angejaza mafuta, akatoa upepo, na kabla ya nusu saa gari lingekuwa barabarani. Hata bila matengenezo, mtu akiipampu pedali mara tano sita, gia ingeingia.

Alibaki pale chini akitazama tone likining'inia. Mwaka jana mtu wa bonde la pili aliponea hivi hivi. Mwenye damu aliugua, hakufika, hakimu akaahirisha, na wazee wakapata nafasi ya kusuluhisha. Kila mtu alikijua kisa hicho. Mungu hamtupi mja wake, aliwaza Mukbil.

Alitoka akipangusa mikono kwenye suruali.

"Sahani ya klachi imekwisha, ami. Lazima niteremshe gia boksi."

"Nikiipampu-pampu haitanifikisha?"

"Itakufia kwenye kona, urudi kinyumenyume mpaka bondeni. Mimi sitaki roho ya mtu shingoni mwangu."

"Hata mimi sitaki," alisema mzee. Akaenda kukaa juu ya tairi bovu, mfuko wake wa nguo mapajani.

Mukbil alianza kufungua bolti moja moja, kwa utaratibu wa mtu anayelipwa kwa siku. Mzee alipiga simu, akangoja, akapiga tena.

"Mwanangu mkubwa, Mutahar, yuko huko tangu jana," alisema. "Hapokei. Tumeachana hatusemezani."

Mukbil hakuuliza waligombania nini. "Hilo la huko mjini haliwezi kungoja?"

"Ni neno moja tu, fundi. Kulisema ni kazi ndogo kuliko kumeza mate. Ila lazima litoke mdomoni mwangu, hakimu akisikia."

Mukbil alilijua neno hilo. Akaifunga tena bolti aliyokuwa ameshaifungua.

Karibu na saa tatu alisikia lori la mirungi likija, linaelekea mjini. Kutoka chini ya gari aliyaona magurudumu yake mapema, akanyamaza. Mzee aliposikia muungurumo aliinuka akapunga mkono, lakini lori lilikuwa limeshapinda kona. Alisimama pale barabarani muda mrefu, jambia likimwelemea kiunoni, na Mukbil akamwonea huruma. Hakupenda kumwonea huruma, ila ndivyo ilivyokuwa.

Saa tatu na nusu ikapita. Saa nne ikafika, ikapita. Mukbil alilala chali chini ya gia boksi na machozi yakamtiririkia masikioni. Akilini alimwona mama yao akishuka darini, akamwona Hizam anarudishwa chumbani mwake akiwa hai. Angalau mwezi, pengine mwaka.

Simu ya mzee ikalia. Mzee alisikiliza, kisha akasema, "Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea," akaitia mfukoni.

Mukbil alijivuta nje haraka. "Wameahirisha?"

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Waahirishe kwa nini? Mutahar ni wakala wangu, kwa maandishi, tangu kesi ianze. Mimi nisipofika, yeye anatosha."

Mukbil alishika ukingo wa gari. Mzee aliona mikono ile imejaa mafuta mpaka viwikoni. Akafungua mfuko wake.

"Jifute, mwanangu. Umehangaika vya kutosha. Na hiki sina kazi nacho tena."

Kilikuwa kitambaa cheupe, kirefu, kipya, kimeshonewa kamba mbili za kufungia kwenye antena.