Kifuniko Kimoja kwa Kila Msichana

Bi Nambela, mshauri wa wanachuo, aliwagawia wasichana vifuniko vya plastiki, kimoja kimoja. "Kwenye sherehe msiache vikombe wazi, wanangu. Jichungeni."

Nyamizi alikipokea chake huku damu ikimchemka. Wiki ya tatu sasa kitanda cha Rukia, mwenzake wa chumba, kilikuwa kitupu. Rukia hakuwahi kuonja pombe maishani; alitiliwa gongo kwenye juisi, akazindukia kitandani kwa Shadraki, nguo zake zikiwa sakafuni.

"Na wavulana mnawapa nini, madam?"

"Wavulana wana mechi leo," alijibu Bi Nambela, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nyamizi alitoka, akashuka moja kwa moja hadi uwanjani, akaingia katikati ya mchezo. Refa alipuliza filimbi mpaka akachoka. Nyamizi alisimama mbele ya Shadraki, nahodha wa timu, akamshikisha kifuniko.

"Hiki chako. Jichunge."

"Cha nini tena?" Shadraki alicheka, akageuka ili wenzake wacheke naye.

Mpira ulibingirika polepole hadi wavuni. Golikipa hakuuona, alikuwa amemkodolea macho nahodha wake.