Hakuna Kuinuka Mezani

Mama alipakua chakula kwa mara ya tatu siku hiyo, na mezani hakuna aliyekuwa na njaa.

"Kidogo tu, Mama," alisema Chaji. "Nimeshiba mpaka nawasikia samaki wakiogelea tumboni."

"Kula, na utabasamu," Mama alimjibu, huku naye akitabasamu kwa nguvu zote.

Walikuwa watano. Baba alikuwa fundi wa majokofu, Mama mshonaji, na Bibi ndiye aliyemzaa Baba. Binti mkubwa walizoea kumwita Meneja, kwa jinsi alivyopenda kupanga mambo ya watu. Mdogo wake walimwita Chaji kwa sababu akiingia nyumba yoyote husalimia soketi kwanza, watu baadaye. Wote walikaa upande mmoja wa meza, wamebanana bega kwa bega. Upande wa pili waliuachia upepo wa bahari.

Nje, tamasha la urithi lilikuwa limepamba moto. Ngoma zililia, kipaza sauti kiliwaita washindani wa kuvuta kamba, watoto walipiga kelele majini. Chaji akageuza shingo.

"Usitazame huko," Baba alinong'ona. "Tazama sahani yako. Au mtazame Bibi yako."

Baba alitaka jambo moja tu: familia yake ikae meza moja tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, bila simu, bila ugomvi, bila mtu kuinuka. Nyumbani jambo hilo lilikuwa limeshindikana. Meneja alikula kitandani, Chaji karibu na soketi, Mama kwenye cherehani, Baba mbele ya runinga, na Bibi alikula na redio yake. Majirani zao walijaribu mwaka uliopita. Adhuhuri haijafika, kila mmoja alikuwa ameshashika njia yake, na aibu yao inazungumzwa mpaka leo. Kwa hiyo Baba alifunga na kuomba, kisha akazikusanya simu zote akazifungia kwenye boksi la spana.

"Tuombe," alisema.

"Tumeshaomba, Baba," alisema Meneja. "Asubuhi, na tena mchana."

"Mungu hachoki."

Wakainamisha vichwa. Baba alishukuru kwa chakula, kwa bahari, kwa uzima wa mama yake. Katikati ya sala Chaji alipenyeza mkono mfukoni, akakuta mfuko mtupu, akautoa mkono taratibu kwa huzuni ya mfiwa.

"Amina," wakasema wote kwa sauti moja, vizuri mno.

"Mama, tusimulie ile ya mbuzi aliyekula suruali ya bwana harusi," Mama alimwambia mkwewe.

"Si nimeisimulia asubuhi?"

"Isimulie tena, mama yangu."

Bibi akasimulia. Wakacheka mahali pale pale walipocheka asubuhi. Meneja alichelewa kidogo, Baba akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Baba, umeniumiza!"

"Cheka na wenzako."

"Siwezi kucheka kwa amri. Mimi si redio, eti unaniwasha."

"Punguza sauti, mwanangu," alisema Mama, na lile tabasamu halikusogea hata kidogo.

"Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza habari za kazi. Leo kwa sababu ni leo, 'mwanangu, mwanangu'!"

Meneja akaweka kijiko chini. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaanza kujisukuma kutoka kwenye kiti.

"Nakuomba," alisema Baba. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. "Akiinuka mmoja tu, tumekwisha."

Bibi akamdaka mjukuu wake mkono.

"Kaa, mke mwenzangu. Unadhani huyu baba yako ndiye aliyekuwa akitulia mezani? Alipokuwa na umri wa Chaji alikuwa anakula juu ya paa. Sahani anaivuta kwa kamba. Nikimwambia ashuke, ananijibu huku juu kuna hewa."

"Mama, jamani!" Baba alisema.

"Wewe nyamaza, ule. Siku moja kamba ikakatika. Mchuzi wote ukamwagikia kichwani kijana wa watu, aliyekuja kumposa shangazi yenu."

"Akafanyaje?" aliuliza Chaji.

"Akajiramba midomo, akauliza nani kapika. Ndivyo shangazi yenu alivyoolewa."

Hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Chaji alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Meneja aliporomoka kitini, akamlalia Bibi begani akitetemeka kwa kicheko. Mama alisahau kutabasamu, akacheka kabisa, na pengo lake likaonekana.

"Na kazini kukoje, mwanangu?" Baba aliuliza. Safari hii alitaka jibu.

Meneja alimweleza. Alieleza kuhusu bosi mpya anayelala ofisini mdomo wazi, Mama akamkatiza kwa kisa cha mteja wake, Chaji akawaigiza wote wawili. Wakanyang'anyana kipande cha mwisho cha samaki. Hakuna aliyekumbuka ngoma wala bahari. Baba aliinamisha uso juu ya sahani akamshukuru Mungu kimoyomoyo, macho yake yakiwa yamelowa.

"Na hapa, wageni wetu, ndipo tunapomalizia matembezi," ilisema sauti ya mwongoza watalii kutoka ule upande ulio wazi, nyuma ya utepe. "Hivi ndivyo familia zilivyokuwa zikila hapo zamani. Picha mnaruhusiwa, ila tafadhali msizisogeze simu zenu karibu nao, watainuka."